Losheni ya Kipande

Losheni ya kipande ni mafuta ya kujipaka yaliyogandishwa kwa nta mpaka yakashikika mkononi kama sabuni. Hutengenezwa nyumbani kwa kuyeyusha pamoja vitu vitatu: nta ya nyuki, siagi ya mmea kama shea au kakao, na mafuta mepesi kama ya nazi, ufuta au parachichi. Mchanganyiko humiminwa katika vikombe vidogo, ukapoa na kuganda. Anayetumia hukisugua kipande mwilini. Joto la ngozi hukilainisha juujuu, nacho huacha utando mwembamba wa mafuta.

Jina lina kasoro yake. Losheni ya chupa, ile ya dukani, ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na kwa kawaida maji ndiyo mengi kuliko kitu kingine ndani yake. Losheni ya kipande haina hata tone la maji. Kwa umbile iko karibu zaidi na mafuta ya mgando ya kopo, ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, isipokuwa mgando ule ni zao la mafuta ghafi na huu ni zao la mzinga na mti. Asili ya mbali zaidi ni malhamu ya tabibu Galen wa karne ya 2, aliyechanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Malhamu hiyo ilipoza ngozi vizuri, lakini maji yake yalikuwa yakijitenga na mafuta.

Kukosa maji ndiko kunakoeleza karibu kila jambo linalohusu kipande hiki. Bakteria na ukungu haviwezi kuota pasipo maji, kwa hiyo hakihitaji dawa ya kuzuia kuoza. Hakimwagiki safarini. Kwa upande mwingine, hakiwezi kuipa ngozi unyevu usiokuwepo: kinachofanya ni kuufungia ule uliopo usitoroke. Ndiyo maana mtu anayekipaka kwenye mkono mkavu uliopauka hulalamika kwamba hakifanyi kazi, na jirani yake anayekipaka akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na rutuba ya maji, hukisifia.

Nta

Nta hutolewa na nyuki wafanyakazi kupitia tezi zilizo chini ya tumbo, nao huijengea masega. Mfugaji huipata akishakamua asali. Masega huchemshwa katika maji, huchujwa kwa kitambaa, na kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji huelea juu na kuganda kama sahani. Uchafu hubaki chini yake na hukwanguliwa kwa kisu. Tabora, mji ulio katikati ya misitu ya miombo, umeuza nta nje ya nchi tangu enzi za ukoloni, na ndiko kiliko chuo cha ufugaji nyuki cha Tanzania. Kenya ina wafugaji wake Kitui na Baringo. Hata hivyo wapo warina asali wanaotupa masega yaliyokwisha kukamuliwa kana kwamba ni chicha, na huo ni upotevu.

Nta safi ina rangi ya manjano hadi kahawia na hunukia asali. Ikiwa baridi, ukiivunja, mvunjiko wake huonekana wa chengachenga, haung'ai. Ikikaa muda mrefu hupata vumbi jeupe juu. Wengi hudhani ni ukungu, lakini ni hali yake ya kawaida na hutoweka ikipashwa joto kidogo. Ya kuogopwa ni ile iliyochanganywa na parafini ya mishumaa: huteleza vidoleni, haina harufu, na bei yake huwa nafuu kupita kiasi.

Asiyetaka kitu kitokacho kwa mdudu anaweza kutumia nta ya mmea, kama karnauba itokanayo na mti wa Brazili wa jamii ya mnazi. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi na ni ngumu mno, kwa hiyo hutiwa kidogo zaidi kuliko nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64.

Siagi na mafuta

Siagi ya shea hutokana na kokwa za mti uitwao kitaalamu *Vitellaria paradoxa*. Afrika Mashariki ina aina yake, nilotika, inayomea kaskazini mwa Uganda kwa Waacholi na Walango, na kuvuka mpaka hadi Sudan Kusini. Siagi ya nilotika ni laini kuliko ile ya Ghana au Burkina Faso. Tofauti hii huwaponza wanaofuata vipimo vya watu wa Afrika Magharibi kama vilivyo: kipande chao hutoka kimelegea, nao huilaumu nta. Mti wenyewe uko hatarini, kwa kuwa hukatwa kwa ajili ya mkaa.

Siagi ya kakao ni ngumu zaidi, huyeyuka karibu na nyuzi 34 hadi 38, na hunukia chokoleti. Anayetaka kipande kisicholegea haraka hubadilisha nusu ya shea kwa kakao.

Mafuta ya nazi ya kupikwa nyumbani yanafaa kabisa, kwa sharti moja. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likachujwa na kuchemshwa mpaka mafuta yajitenge. Mpishi mwenye haraka huyaepua yakiwa bado yanalia. Mlio ule wa kupasukapasuka ni maji yanayogeuka mvuke, na mafuta yenye maji yakiingia katika kipande huvunda. Subiri sufuria inyamaze, kisha chuja.

Mafuta ya ufuta na ya parachichi ni mepesi na hupenya vizuri. Ya alizeti yanapatikana kila duka, ila aina nyingi huchacha mapema zaidi. Kuchacha ni kazi ya hewa na mwanga, si ya vijidudu, na ndiyo sababu hutiwa vitamini E: kati ya gramu 1.5 na 3 katika mchanganyiko wa gramu 300. Vitamini hiyo huchelewesha kuchacha, wala haiui ukungu, ingawa wauzaji wengi huisifu kwa yote mawili.

Vipimo na hali ya hewa

Kanuni inayosambaa duniani ni moja kwa moja kwa moja: uzito sawa wa nta, siagi na mafuta. Gramu 100 za kila kimoja hutoa vipande sita vya gramu 50. Pima kwa mizani, usipime kwa kijiko, maana kijiko cha nta iliyokunwa na kijiko cha mafuta havina uzito mmoja.

Lakini kanuni hiyo ilitungwa na watu wa nchi za baridi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Chupa yake ikiwa Nairobi au Njombe asubuhi ya Julai, mafuta huwa meupe na magumu, na mtu huyachokonoa kwa kijiti. Chupa hiyo hiyo ikiwa Dar es Salaam au Mombasa huwa maji karibu mwaka mzima. Maana yake ni kwamba pwani viungo viwili tu kati ya vitatu ndivyo vinavyosaidia ugumu, na msimu wa kaskazi, joto la mchana likipita nyuzi 30, hata siagi ya shea hulegea. Kwa mwambao, basi, kipimo kinachoaminika zaidi ni gramu 120 za nta, 90 za siagi na 90 za mafuta. Walio nyanda za juu wanaweza kubaki kwenye usawa, au kupunguza nta mpaka gramu 80 wakati wa kipupwe, la sivyo kipande hukwaruza ngozi badala ya kuteleza.

Kuna njia ya kujua kabla ya kumimina. Weka kijiko cha chuma kwenye friji mapema. Vitu vyote vikishayeyuka, dondoshea tone juu ya kijiko hicho, lirudishe kwenye friji dakika mbili, kisha liache mezani lirudi kwenye joto la chumba na ulisugue kwa kidole. Likiwa gumu na likikataa kupakika, ongeza mafuta; likikimbia lote kidoleni, ongeza nta. Anayeruka hatua hii huishia kuyeyusha mara mbili.

Upishi

Nta hukunwa au hukatwa vipande vidogo ili iyeyuke upesi. Kikunio cha karoti kinafaa, ila kikishakunia nta hakirudi tena kwenye karoti, kwa hiyo tafuta cha zamani. Sufuria ndogo, kavu kabisa, huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayotokota taratibu. Nta na mafuta havipikwi juu ya moto mtupu, uwe wa gesi, wa mkaa au wa mafuta ya taa, kwa sababu vikizidi joto vinaweza kuwaka. Vikiwaka, zima jiko na ufunike sufuria. Usimwagie maji kamwe.

Nta hutangulia kwa kuwa ndiyo ngumu. Mwanzoni hukaa kama ilivyo, unadhani haitaki. Kisha kingo za kila kipande hung'aa, zikaanza kutoweka, na muda si mrefu sufuria huwa na kimiminika cha rangi ya chai ya rangi. Hapo tia siagi, halafu mafuta. Mafuta yakiwa baridi nta hushtuka na kuganda kwenye kuta za sufuria. Usihangaike: endelea kukoroga, itarudi. Kikiwa safi na hakuna wingu ndani yake, epua. Futa maji yaliyoshika sehemu ya nje ya sufuria kabla ya kumimina, kwa sababu tone likidondokea kwenye kikombe huacha shimo, na shimo hilo ndipo uvundo huanzia.

Vikombe vya keki vya silikoni hutoa kipande bila shida. Trei la barafu la plastiki laini pia linatosha. Vipande vya shea vilivyopoa polepole mara nyingi hutoka na punje kama mchanga, kwa kuwa mafuta magumu yaliyo ndani ya shea huganda peke yake kabla ya mengine. Punje hizo hazina madhara na huyeyuka zikiguswa na ngozi, lakini hazipendezi. Ziepuke kwa kupeleka trei kwenye friji mara tu baada ya kumimina. Sufuria hupanguswa kwa gazeti ikiwa bado ya moto. Ukiiosha kwenye sinki, nta huganda ndani ya bomba.

Visivyofaa kutiwa

Asali haiyeyuki katika mafuta. Huzama chini ya kikombe na kutoka kama machozi ya kunata. Utomvu wa mshubiri, maji ya waridi na maji ya tango ni vivyo hivyo, na vyote hubatilisha ile faida ya kukosa maji: baada ya siku kadhaa kipande huota ukungu. Wanawake wa mwambao wamezoea kutia asumini na mlangilangi katika mafuta ya nazi, na mafuta hayo yanafaa hapa, mradi maua yawe yamekauka.

Mafuta ya harufu hutiwa mwishoni, mchanganyiko unapoanza kupoa, yasizidi gramu 3 katika gramu 300. Ya mchaichai hupendwa. Ya karafuu, kama yale yanayotengenezwa kwenye kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi huko Pemba, ni makali na huwasha. Nusu gramu inatosha. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yaachwe kabisa, kwa kuwa ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa. Kwa mtoto mchanga usitie harufu yoyote.

Matumizi na mipaka

Kazi yake njema iko kwenye viwiko, magoti, viganja vya waoshaji vyombo na visigino vyenye magaga. Kwenye magaga, pakaa usiku na uvae soksi. Uso ni habari nyingine: mafuta ya nazi na siagi ya kakao huziba vinyweleo vya watu wengi na kuleta chunusi. Wenye mzio wa gundi ya nyuki wajaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono. Ngozi iliyochanika, inayotoa maji au yenye usaha ipelekwe zahanati.

Kipande hakichubui, na hiyo ni sifa. Pia si kinga ya jua, hata kama mafuta ya nazi husemwa hivyo mitaani. Kwa watu wenye ualbino tofauti hii ni ya uhai: wao wanahitaji losheni maalumu ya jua, kama ile inayotengenezwa kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Anayetaka kuuza vipande vyake nchini Tanzania aanzie shirika la viwango, TBS, lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019. Kenya aende shirika la viwango la huko, KEBS.

Kihifadhi kwenye kopo la bati au karatasi, mbali na jua na maji ya bafuni. Hudumu miezi 6 hadi 12 kulingana na mafuta yaliyotumika; kikitoa harufu ya njugu za zamani, kimechacha. Kikilegea tu ndani ya mkoba bila kuchacha, usikitupe: kiyeyushe upya, ongeza nta kidogo iliyokunwa, umimine tena.