Hiyo Stori Ulishatuambia

Shosho wangu ana stori moja. Ziko nyingine, lakini hii ndiyo anairudia. Mwaka 1954 serikali ya mkoloni iliwahamisha Wakikuyu kwa lazima, ikawasonganisha kwenye vijiji vyenye ulinzi. Yeye alikuwa na miaka kumi. Mamake alitolewa kila asubuhi na wanawake wenzake kwenda kuchimba handaki. Anaanza na jembe, anafika kwenye miti iliyochongwa ncha na kusimikwa ndani ya shimo, halafu mtu anamkatiza. Mara nyingi mtu huyo ni mimi. "Shosho, hiyo ulishatuambia." Nyumbani tulishakubaliana kuwa kichwa kimeanza kuchoka.

Niliacha chuo mwaka wa pili, nikabaki na deni na noti za ustawi wa jamii. Humo ndimo nilimokutana na Robert Butler, daktari wa akili Mmarekani. Alilelewa na babu na nyanya yake kwenye shamba la kuku huko Vineland, New Jersey. Babu alifariki Butler akiwa na miaka 7, nyanya akabaki kumlea. Nadhani hapo ndipo utafiti wake ulipoanzia, ingawa hakuna chuo kinachoweza kuhesabu hiyo kama shahada.

Siku hizo wataalamu wengi waliona jambo hili kama sisi tulivyoliona pale sebuleni: mzee akizungumzia ya kale sana, akili inaondoka, basi mbadilishie mada. Miaka ya 1950 Butler alijiunga na watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili waliofanya kitu kilichokuwa kigeni wakati huo: kuwachunguza wazee wenye afya, wanaoishi kwao, badala ya wale waliolazwa. Kumbe hata hao walikuwa wakirudi nyuma kila mara. Mwaka 1963 akachapisha makala akisema huu si ugonjwa. Ni kazi. Mtu anapoona mwisho unakaribia, anayapitia maisha yake, hasa yale ambayo hayajaisha ndani yake. Na hakuipamba: alionya kwamba kazi hiyo inaweza kumletea mtu majuto, hata kumzamisha kabisa.

Mwaka 1969 watu wa mtaa mmoja wa Washington walipinga jengo la kwao kugeuzwa makazi ya wazee wa kipato cha chini. Butler alikuwa akiunga mkono mpango huo. Akihojiwa na Carl Bernstein wa Washington Post, akalitaja kwa neno jipya, ageism: kumbagua mtu kwa umri wake.

Wafanyakazi wa ustawi wa jamii walilichukua wazo la 1963 wakaliweka mikononi. Uingereza, mwaka 1981, shirika la Help the Aged lilitoa Recall, picha na sauti za zamani za kuwafungulia wazee mazungumzo. Je, inaponya? Mapitio ya Cochrane ya 2018 yalikusanya tafiti 22 kwa watu wenye shida ya kupoteza kumbukumbu: faida zipo lakini ni ndogo, na zinategemea ilivyofanywa. Sawa. Mimi sikuwa natafuta dawa.

Desemba nilienda ushago, nikazima simu, nikamwacha aanze na jembe. Akafika kwenye miti. Nikanyamaza. Akaniangalia kama anayengoja kukatizwa, kisha akaendelea. Kumbe stori si ya handaki. Jioni moja mamake alirudi na viazi viwili ndani ya kitambaa, na yeye, kwa njaa, akavila vyote kabla mdogo wake hajaamka. Yule mdogo hakuumaliza mwaka huo.

"Guka," akaniambia, maana nina jina la mumewe, "sijawahi kufika hapo nikiwa na mtu."

Nikamuuliza mdogo wake aliitwa nani.