Maziwa ya Nyayo yalikuwa matamu, lakini yalichelewa

Watu wangu, leo tuongee historia kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha.

Mathe akianza stori za shule ya msingi, lazima afike kwa maziwa ya Nyayo. Ile pakiti ya pembetatu, mililita 200, unang'ata kona unafyonza. Moi aliyaanzisha mwaka 1979, akiwa bado mgeni Ikulu, na watoto wa shule za msingi wakayanywa bure hadi mpango ukafifia miaka ya 90. Mpaka leo kuna watu wanasema yakirudi, udumavu utaisha.

Hapo ndipo nakataa. Sina shida na maziwa. Yalivuta watoto darasani na wafugaji wakapata soko. Lakini udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe na kuugua kila mara, huanzia tumboni, na sehemu kubwa ya hasara huwa imeshatokea kabla ya miaka miwili. Mtoto wa darasa la kwanza ana miaka sita. Piga hesabu mwenyewe.

Tunajua aje? Kuna watu walipima. Mwaka 1969, taasisi ya lishe ya INCAP ilichagua vijiji vinne Guatemala. Viwili vikapewa atole, uji wenye protini na maziwa ya unga. Viwili vikapewa fresco, kinywaji cha sukari kisicho na protini. Matibabu yalikuwa sawa kote. Wakapima watoto mpaka 1977. Waliokunywa atole kabla ya miaka mitatu walirefuka kuliko wenzao. Baada ya miaka mitatu? Urefu haukuongezeka kwa sababu ya uji.

Hawakuachia hapo. Miaka ya 2000 watafiti waliwatafuta wale watoto wakiwa watu wazima. Wanaume waliopata atole kabla ya kufikisha miaka miwili walikuwa wanalipwa karibu nusu zaidi kwa saa, ukiwalinganisha na wenzao wa fresco. Uji wa utotoni, mshahara wa ukubwani!

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 2014, watoto 26 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano Kenya walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 wakawa 18. Tumesonga, si uongo. Lakini Kilifi mwaka huo walikuwa 37. Ndiyo maana naona mpango kama NICHE uko karibu na ukweli kuliko pakiti ya shuleni. Familia maskini yenye mjamzito au mtoto mdogo inaongezewa pesa, na mhudumu wa afya anafika nyumbani kufunza kunyonyesha na kulisha. Pesa bila mafunzo haitoshi, na mafunzo bila pesa ni kumwambia mama anunue mayai ambayo hana uwezo wa kuyanunua.

Lakini hata huo mpango tusiupigie makofi kwa idadi ya familia zilizolipwa. Pakiti za maziwa pia zilihesabika vizuri sana. Swali ni moja: mtoto amerefuka?

Na hili swali linaniuma. Juzi nilifungua kitabu cha kliniki cha mtoto wa dada yangu. Ana mwaka mmoja na nusu. Uzito umeandikwa karibu kila mwezi. Sehemu ya urefu ni tupu, toka azaliwe. Hakuna aliyempima, na sisi pia hatukuuliza. Ule utepe wa kuzungushwa mkononi unaonyesha mtoto aliyekonda. Mtoto anaweza kuwa mnono na bado amedumaa.

Amebakisha miezi sita afikishe miwili. Wiki ijayo tunarudi kliniki na dada, na hatutoki kabla alazwe kwa ubao apimwe.

Kama una mtoto nyumbani, fungua kitabu chake leo, uniambie hapa chini: urefu umeandikwa?