Sauti ya Mama na Sauti ya Binti

Muziki wa kantri, yaani nyimbo za mashambani za Marekani, si mgeni katika nchi yetu. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alipokuwa akinasa nyimbo za Wakipsigis, aliwasikia wasichana wakimwimba kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu na nusu swala. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri ambaye santuri zake zilikuwa zimekwisha fika huku, ijapokuwa mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1933. Sisi tuliozipokea nyimbo hizi kwa muda mrefu hivyo yafaa tujue pia habari za watu waliozitoa. Nitakueleza, msomaji wangu, habari za santuri moja tu, iitwayo Why Not Me, iliyoimbwa na mama na binti yake na kutolewa mwaka wa 1984.

Mama alijulikana kwa jina la Naomi Judd. Alizaliwa mwaka wa 1946 katika mji wa Ashland, jimbo la Kentucky. Binti yake Wynonna alizaliwa mwaka wa 1964. Hesabu mwenyewe, nawe utaona kwamba mama alikuwa na miaka 18, umri ambao wengi wenu mtakuwa mkimaliza shule. Baadaye ndoa yake ilivunjika, akabaki na mabinti wawili wa kulea, Wynonna na mdogo wake Ashley. Kwa muda walikaa shambani huko Kentucky, katika nyumba isiyokuwa na televisheni wala simu. Jioni zilikuwa ndefu. Wynonna alipata gitaa akajifunza kulipiga, na katika santuri kuukuu ya wanawake wawili, Hazel Dickens na Alice Gerrard, yeye na mama yake walijifunza jinsi sauti mbili zinavyoweza kwenda pamoja pasipo kugongana.

Usidhani, lakini, kwamba nyumba ile ilikuwa na amani. Mama na binti waligombana sana, na wenyewe hawakulificha jambo hilo. Walipoimba ndipo walipopatana. Katika mambo ya nyumbani mama ndiye aliyetangulia, bali katika wimbo binti aliongoza na mama akafuata. Si wazazi wengi wawezao kukubali mpango wa namna hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri ya uzuri wa nyimbo zao.

Naomi alisomea uuguzi, na mwaka wa 1979 akahamia na binti zake Franklin, mji ulio karibu na Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri. Alifanya kazi hospitalini, na wakati wa faragha aliimba na Wynonna mbele ya kinasa-sauti cha bei rahisi. Ikatokea kwamba miongoni mwa wagonjwa aliowauguza alikuwamo msichana aliyeumia katika ajali ya gari. Baba yake msichana huyo, Brent Maher, kazi yake ilikuwa kutengeneza santuri. Naomi alimpa kaseti yao. Mwaka wa 1983 mama na binti walisimama mbele ya wakubwa wa kampuni ya RCA, hawana bendi, ila gitaa la Wynonna na sauti zao mbili, wakaimba, wakakubaliwa.

Ili uelewe kwa nini santuri yao ilipendwa, sharti ujue hali ya kantri wakati ule. Baada ya sinema Urban Cowboy ya mwaka wa 1980, watengenezaji wengi wa Nashville walikuwa wakizifunika nyimbo kwa vinanda na fidla nyingi, ili ziwapendeze watu wa mijini. Maher na mpiga gitaa Don Potter walifanya kinyume. Waliondoa mapambo, wakaliweka gitaa mbele, na mahali pengi wakaacha nafasi tupu, mwimbaji asikike hata pumzi yake. Wimbo wenye jina la santuri waliutunga watu watatu, mmojawao Maher mwenyewe, na mwingine Harlan Howard, bingwa wa utunzi wa Nashville. Wimbo huo, pamoja na Girls Night Out na Love Is Alive, zote tatu zilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri za Marekani. Santuri yenyewe iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Basi kazi ya uuguzi ndiyo iliyomfungulia Naomi mlango. Kazi hiyo hiyo, kama alivyoamini mwenyewe, ndiyo iliyomletea maradhi, kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa. Aliugua homa ya ini ya aina ya C. Mwaka wa 1984, watu walipokuwa wakiinunua santuri ile kwa wingi, ugonjwa huo haukuwa hata na jina hilo, kwani virusi vyake vilitambuliwa mwaka wa 1989. Mwaka wa 1990 Naomi alitangaza kwamba ataacha kuimba, na tarehe 4 Desemba 1991 wakafanya onyesho la kuaga. Wynonna akaendelea peke yake.

Ini lake lilipona baada ya miaka. Lakini alipata ugonjwa mwingine, sonona, ambao aliueleza waziwazi katika kitabu chake cha mwaka wa 2016. Alifariki tarehe 30 Aprili 2022. Siku iliyofuata wawili hao walikuwa waingizwe katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri huko Nashville. Sherehe haikuahirishwa, na Wynonna na Ashley walikwenda kuipokea heshima ile. Mwaka huo huo Wynonna alifunga safari ya maonyesho ambayo yeye na mama yake walikuwa wamekwisha ipanga, na waimbaji wengine wanawake wakawa wanasimama kwa zamu mahali pa Naomi.