Nusu ya Fungu la Kumi

Sheria ya sarafu ya Marekani ilipitishwa tarehe 2 Aprili 1792. Miezi mitatu baadaye, kabla kiwanda cha serikali hakijawa tayari, sarafu ndogo za fedha ziligongwa mjini Philadelphia, katika chumba cha chini ya nyumba cha John Harper, mtengeneza misumeno. Tarehe 13 Julai Thomas Jefferson aliandika kuwa amepokea sarafu 1,500. Ziliitwa nusu disme, yaani senti tano.

Disme latokana na neno la Kilatini lenye maana ya sehemu ya kumi. Msomaji wa pwani hatalistaajabia: ushuru wetu nao asili yake ni sehemu ya kumi kwa Kiarabu, na thumuni ni sehemu ya nane.

Usoni mwa sarafu mna kichwa cha mwanamke, na maandishi yanayoutaja uhuru kuwa mzazi wa elimu na bidii ya kazi. Jefferson aliyezipokea alikuwa akimiliki watumwa. Kauli hiyo haikuwahusu.

Senti tano ya nikeli ilianza 1866, na ile ya fedha ikakoma 1873. Wakusanyaji wangali wakiisaka. Iliyogongwa San Francisco mwaka 1870 yajulikana moja tu, nayo ilitambuliwa 1978. Zile za 1792 zilizosalia, nyingi zimelika kwa kushikwashikwa. Soko huthamini zaidi iliyo safi; bali kwa mwenye kutafuta historia, iliyolika ndiyo shahidi, kwani ilinunua kitu.