Mashine Haijui Njwiywila

Juzi usiku, hapa Mbezi Luis, umeme uliporudi nilikaa mezani na fotokopi yangu ya Maji Maji Research Project, ile ya 1968. Ni kopi ya kopi ya kopi. Nilitaka kuipiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, kisha programu ya kutambua maandishi inigeuzie picha kuwa maneno ninayoweza kuyatafuta. Nilidhani ni kazi ya wikiendi moja.

Mradi wenyewe wengi wenu mnaufahamu hata kama hamjui. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walirudi makwao kuwahoji wazee juu ya vita vya 1905 hadi 1907. John Iliffe na Gilbert Gwassa ndio walioisukuma kazi hiyo. Utafiti wa Gwassa ukamfikia Ebrahim Hussein, naye mwaka 1969 akatupa tamthilia ya Kinjeketile. Ripoti za wanafunzi zilipigwa taipu kwenye stensili, zikachapwa kwa saiklostaili, basi. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa vita alishatimiza miaka 78 alipohojiwa. Leo hakuna wa kumrudia umuulize, "Mzee, hapa ulimaanisha nini?"

Programu niliyotumia ni Tesseract, ya bure, na ina faili la Kiswahili. Sentensi za kawaida iliziweza vizuri tu, mpaka nikashangaa. Majina ndiyo yaliyoishinda. Ngarambe ilitoka kwa sura tatu tofauti. Herufi "e" zilizojaa wino zikawa "o" au "c". Halafu kuna Kinjikitile, kama anavyoandika Gwassa, na Kinjeketile wa Hussein: ukitafuta mmoja humpati mwingine, na hapo mashine haijakosea chochote.

Lililonikera zaidi ni njwiywila. Ni neno la Kimatumbi, lile neno la siri lililopita kutoka mtu kwa mtu kabla vita havijaanza, wakati watu wakienda kwa Kinjikitile kuchukua dawa. Programu ililikata vipande viwili na kipande cha kwanza ikakifanya "njia". Unaona hatari yake? Ingeandika takataka ningeshtuka mara moja. Imeandika neno zuri la Kiswahili, na mtu anayesoma harakaharaka anapita bila kujua kwamba kuna kitu kimepotea. Mashine iliyofunzwa Kiswahili inaona Kiswahili hata pale mzee aliposema Kimatumbi. (Na "hongo", wajumbe wa Kinjikitile, ilisomwa sawasawa kabisa. Ila jaribu kulitafuta mtandaoni uone utakavyozama kwenye habari za rushwa.)

Kuna mzee jirani, mtu wa Kipatimu, ana genge karibu na kituo cha daladala. Nilimwamkia, nikamwonyesha ukurasa. Akavaa miwani, akalisoma neno polepole, kisha akalisema tena kwa haraka, kwa mdomo wa kwao.

"Nani kakuandikia hivi, mwanangu?"

Nikamwambia ni kompyuta. Akacheka, akaomba kalamu.

Sasa kila ukurasa nauhifadhi mara mbili, picha na maandishi pamoja, na majina nayasahihisha kwa mkono. Nimefika ukurasa wa 41. Jumamosi nampelekea mzee mingine kumi.