Ajami, fundi aliyeandika jina lake

Ndugu wahitimu, babu yangu alikuwa fundi wa kujenga na matofali. Alijenga nyumba mingi, lakini siku ya kufungua, kibao kilibeba jina la mukubwa tu. Ndiyo maana historia ya Ajami bin Abubakr ilinishika roho.

Twende katika karne ya 12, muji wa Nakhchivan, katika Azerbaijan ya leo. Muji ule ulitawaliwa na atabegi wa ukoo wa Ildegiz. Kwa jina walikuwa walezi wa masultani Waseljuki. Kumbe nguvu yenyewe ilikuwa mikononi mwao. Kwa kawaida, watu wa namna hiyo ndio majina yao hubaki ukutani.

Mwaka 1162, Ajami alimaliza kaburi la Yusuf bin Kuseyir: munara wa matofali ya kuchoma, wenye pande 8 na paa la ncha kama hema. Michoro yote imefanywa na matofali yenyewe. Halafu, kwa Kiarabu, akaandikisha pale kwamba ni kazi yake, yeye fundi wa Nakhchivan.

Mwaka 1186 ikaisha kazi kubwa zaidi: kaburi la Momine Khatun, lililojengwa kwa amri ya mwanawe, atabegi Muhammad Jahan Pahlavan. Hili lina pande 10, na kati ya matofali aliingiza vipande vya rangi ya feruzi. Paa lake lilishaanguka, lakini bado linasimama mita karibu 25. Pale pia jina la Ajami liko.

Lango la minara 2, linalohesabiwa kuwa kazi yake, halikupata bahati hiyo. Lilipigwa picha katika karne ya 19; leo halipo tena.

Wengine watasema kuandika jina ni majivuno. Mimi naona ni deni. Fundi akiandika jina, anajifunga: ukuta ukipasuka, watu wanajua wa kuuliza ni nani. Sisi wenye diploma, ni kazi gani tungekubali kuandika jina letu juu yake?

Babu alikufa bila kibao, ila nyumba moja aliyojenga bado imesimama. Nimeanza kuandika majina ya wale walijenga naye, mbele wazee wenye kuyakumbuka hawajaisha.