Ngogo Aliyeuzwa kwa Jina la Mwenzake

Ukiingia duka la samaki wa mapambo ukaambiwa "huyu ni petricola", hebu usilipe kwanza. Mwangalie mapezi.

Ngogo wa Ziwa Tanganyika wanafanana mno: mwili wa kahawia, madoadoa meusi, mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Mwaka 1959 Matthes alimpa mmoja wao jina la Synodontis petricola. Lakini kwenye matangi ya wafugaji alikuwapo mwingine, mdogo zaidi, na wauzaji wakamwita "petricola kibete". Jina la dukani tu hilo. Kwa sayansi, samaki huyo alikuwa bado hajazaliwa!

Alisubiri hadi 2006. Jeremy Wright na Lawrence Page walipowapitia upya ngogo wote wa ziwa hilo, walikuta kumbe ni spishi nyingine kabisa. Wakamwita S. lucipinnis, yaani mwenye mapezi ya mwanga, na jina lenyewe ndilo linalokusaidia dukani: kwenye shina la pezi, weusi unakatika na kuacha kidirisha cheupe. Petricola hana kidirisha hicho.

Kazi hiyohiyo ilimtoa pia S. grandiops, mwenye macho makubwa, aliyekuwa akichanganywa na S. multipunctatus.

Kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani kuhusu ulishaji au utagaji wa "petricola", tafuta picha kabla hujayaamini. Kama hakuna picha, huwezi kujua mwandishi alikuwa na samaki yupi.